Pua ya Gari la Mama Koku

Limepita gari hapa nje sasa hivi, hata mwenyewe simjui, na mimi nimeshasimama. Mke wangu, Mama Neema, ameniambia keti. Nimeketi. Limepita jingine, nimesimama tena. Hilo lilikuwa linanuka petroli mbichi, moshi wake unawasha macho kama kitunguu, na dereva amefungulia redio hadi mwisho ili asisikie injini ikilalamika. Nilitaka kumkimbilia. Kwa magoti haya? Basi nimechukua kalamu niwaandikie ninyi mafundi vijana, maana kalamu haidai magoti.

Wengi wenu hamnijui. Nilikuwa fundi magari pale Mkuyuni, Mwanza, miaka ile soko lilipofunguliwa na magari ya mitumba ya Kijapani yakaanza kumiminika. Gereji yetu ilikuwa nyuma ya nyumba yangu, ua wa minyaa tu katikati. Watu walidhani nilipachagua kwa sababu ya wateja. Hapana. Nilipachagua ili nisiende mbali na chai ya nyumbani. Mimi nikifika Buzuruga tu naanza kuulizia gari la kurudi. Na mjue kwamba nilipomaliza kidato cha nne nilitaka kuwa baharia wa meli za ziwani! Siku niliyopanda meli kuomba kazi, nilitapika ikiwa bado imefungwa kamba gatini. Hapo nikaona magari yana adabu zaidi: ukiliegesha linakaa.

Leo nina haraka ya kuwasimulia habari za sensa ya ekzosi, kile kifaa cha umeme kinachochomekwa kwenye bomba la moshi, hiyo mnayoiita oksijeni. Ninyi mnachomeka kompyuta, inawaambia badilisha, mnabadilisha, mnakwenda kunywa soda. Ni sawa. Lakini kompyuta yenu haikuwepo siku shemeji yangu alipoitwa mwizi kwa sababu ya kifaa kinene kama kidole gumba.

Kabla sijafika huko, ngoja niwape mambo ya mikono, nisije nikayasahau njiani. Sensa ya gari lililotembea sana huwa imeng'ang'ana na bomba kama kupe. Usiivamie ikiwa baridi. Washa injini, bomba lipate joto, zima, dondoshea mafuta mepesi kwenye uzi wake wa skrubu, nenda kanywe chai, ndipo urudi na spana. Mimi mara ya kwanza sikunywa chai. Nilichukua spana, nikairefusha kwa kipande cha bomba la maji, nikavuta kama maksai wa plau. Ikatoka. Ikatoka na uzi wote wa tundu.

Mwenye gari akaniuliza, "Imetoka, fundi?"

Nikamjibu, "Imetoka, mzee. Tatizo sasa ni kurudi."

Jambo jingine: ukifunga mpya, ncha yake usiiguse kwa grisi, wala usiioshe kwa petroli kama plagi. Na ile gundi nyekundu ya gasketi, uipake kwa kubana mkono, maana mvuke wake ukipita kwenye injini unaiua sensa taratibu, kama sumu ya panya. Sisi hatukulijua hilo. Tuliipaka hadi injini zetu zikawa na midomo myekundu kama maharusi, tukasimama pembeni kuzisifia.

Sasa sikilizeni habari za Mzee Masanja.

Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Alizeeka akitengeneza malori ya kubebea pamba, wakati ambao kipuri kilikuwa kinaombwa kwa kibali na kibali chenyewe kinaombwa kwa magoti. Kwa hiyo hakuwahi kutupa kitu. Nati zilizolika, vipande vya waya, mipira ya breki iliyochoka, vyote vilikuwa na makazi kwenye makopo ya maziwa ya unga. Alikuwa akisema, "Chuma hakinyonyeshwi kikakua. Ukikitupa, umekitupa." Alinifundisha kusikiliza injini kwa bisibisi, ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Akanifundisha na sheria moja ya gereji ambayo sijaivunja mpaka leo: fundi hasahihishwi mbele ya mwenye gari. Ukiona kosa la mwenzako, mpe spana alifikie mwenyewe.

Magari ya Kijapani yalimkuta akiwa na mvi. Hakuyaogopa, aliyadharau. "Hili si gari," alisema siku ya kwanza tulipofungua boneti na kukuta nyaya zimejaa kila upande. "Hii ni redio yenye magurudumu."

Kulikuwa na mteja wetu, Mama Koku, Mhaya mmoja mwenye duka la vitenge mjini, mwepesi wa ulimi na wa mguu. Alikuwa na stesheni wagoni iliyotembea mpaka namba za kilomita zikawa za kuchekesha tu. Kila siku ya gulio alivuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga, akaenda kuuza vitenge Sengerema, akarudi jioni. Dereva wake alikuwa Magesa, mdogo wake na mke wangu, kijana wa Majita aliyekuja Mwanza na begi na cheti cha udereva, akalala sebuleni kwetu mpaka alipopata kazi hiyo. Nilimtania kila siku kwamba amekuja kutumaliza ugali. Naye alinijibu, "Shemeji, wewe ukitaka kunikomesha hama nyumba. Lakini najua huwezi kuhama hata kiti."

Gari lile likaanza kushindwa mlima. Mzee Masanja akalala chini, akagonga ekzosi kwa mpini wa nyundo, akaamka na jibu: masega yameziba. Masega ni lile dude la katikati ya ekzosi lenye vitundu kama vya nyuki, la kusafishia moshi. Petroli yetu ya wakati ule ilikuwa na madini ya risasi ndani yake, na risasi huyafanyia masega kile ambacho masizi hufanyia dohani. Mzee akayakata, akachomelea bomba tupu. Gari likapanda mlima kama limetekenywa. Mama Koku akapiga vigelegele palepale gereji.

Tatizo ni kwamba sensa ilikuwa imefungwa kwenye shingo ya masega yale. Masega yameondoka, na tundu lake limeondoka. Fundi mwingine angeikata waya akaitupa. Mzee Masanja atupe kitu? Aliishika kiganjani kama yai, akaifikiria.

"Hiki ni kitu cha umeme," aliniambia. "Kitu cha umeme hakikai motoni. Wajapani waliiweka humo kwa sababu ya baridi ya kwao."

Akaifuta kwa kitambaa safi. Hakuichomoa waya wake. Akaifunga chini ya bodi ya gari, mbali na bomba, kwa waya wa kufungia nondo, mahali penye upepo mzuri. Ilipendeza. Nakwambieni ilipendeza hadi mimi mwenyewe nikaenda kufunga nyingine vilevile kwenye gari la mteja wangu, nikajiona nimekuwa bingwa.

Ndipo mafuta yalipoanza kupotea.

Mama Koku alikuwa na kipimo chake cha petroli ya kwenda gulioni na kurudi, kipimo cha tangu gari linunuliwe. Sasa kikawa hakitoshi. Kila gulio mama anauza vitenge, Magesa anabaki na gari, na wakati wa kurudi linaishiwa njiani mpaka waongeze. Gulio la kwanza mama alinyamaza. Gulio lililofuata alinyamaza kwa sauti. Mara ya tatu alikuja gereji naye, akamsimamisha mbele ya Mzee Masanja kama mtoto aliyevunja mtungi.

"Mzee, niangalizie tenki linavuja wapi."

Mzee akalala chini, akatoka, akaingia tena, akanusa mabomba yote. Akaamka akijifuta mikono. "Mayu," akamwita mama kwa Kisukuma, "tenki zima. Mabomba mazima. Plagi nimebadilisha juzi kwa mkono wangu."

"Sasa mafuta yanakwenda wapi?"

"Petroli haina miguu," akasema mzee. "Isipovuja, inanyonywa." Kisha akamwonyesha Magesa kwa mdomo, bila kidole.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na tochi. Magesa aliniangalia. Nikaiangalia tochi.

Mama Koku hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha. Alisema tu, "Gulio lijalo naenda tena. Likiniishia tena, tukitoka kwenye kivuko hatuendi nyumbani. Tunaenda polisi."

Habari za namna hii haziogopi jua. Kufika jioni, madereva wa stendi ya Buzuruga, marafiki zake Magesa aliokuwa akipiga nao soga, walikuwa wamekwishampa jina. Walimwita Mpira, kwa ajili ya ule mpira wa kunyonyea mafuta. "Mpira, leo umeshiba?" "Mpira, cheua tuone ni petroli au dizeli!" Alirudi nyumbani hali chakula. Akalala chali kwenye kochi letu macho wazi.

Mama Neema akaniwekea ugali, akabaki amesimama.

"Baba Neema, mdogo wangu ni mwizi?"

"Mimi siwezi kusema..."

"Sijakuuliza unachoweza kusema. Wewe ni fundi au ni mlinda tochi?"

Sikulala vizuri, na mchana sikukaa vizuri. Nilikuwa nafungua nati nisizotakiwa kufungua. Nilienda nyumbani kunywa chai, nikasahau kuinywa, nikarudi gereji, nikasahau nimerudia nini. Kitu kilikuwa kinanikwaruza kichwani: mafuta yalianza kupotea baada ya masega kukatwa. Si kabla. Lakini bomba tupu halinywi petroli! Linatoa moshi tu. Kwani ni kitu gani kingine tulichohamisha siku ile?

Nikafanya jambo ambalo mke wangu alilisimulia mpaka kanisani: niliondoka nyumbani kwa hiari yangu. Nilikwenda kwenye uwanja mmoja mjini yalipokuwa yanaegeshwa magari mapya ya mitumba, nikamwomba mlinzi anipe nafasi, nikaingia chini ya gari. Nikatoka, nikaingia chini ya jingine. Yale madogo, yale makubwa, yote. Kila gari lililokuwa na sensa ile, ilikuwa imechomekwa ndani ya bomba, ncha yake motoni.

"Unatafuta nini, mzee?" mlinzi akauliza. Sikuwa mzee, ni vumbi.

"Natafuta Mjapani aliyekosea."

"Umempata?"

"Sijampata. Ndiyo shida yenyewe."

Nikarudi kwa kasi. Nikaifungua ile sensa niliyoifunga mimi upeponi kwenye gari la mteja. Nikaazima kwa fundi redio, jirani yetu, ile mita yake ya kupimia umeme yenye namba. Nikaingia jikoni kwa Mama Neema. Alikuwa amebandika maji ya ugali kwenye jiko la mafuta ya taa. Nikayaondoa.

"Hicho unachokaanga ni nini?"

"Pua."

"Pua ya nani?"

"Sijui bado. Shika waya huu."

Akaushika, maana anajua nikiwa hivyo hakuna maji yatakayochemka mpaka niishe. Nikaipeleka ncha ya sensa ndani ya mwali kwa koleo. Mwanzo hakuna kitu. Ikapata joto, ikabadilika rangi kidogo, na mara namba za mita zikapanda. Nikaitoa kwenye mwali nikaipungia upepo, zikashuka hadi sifuri. Nikaingiza, zikapanda. Nikatoa, zikashuka. Magesa akainuka kwenye kochi, akaja kusimama mlangoni.

"Shemeji, inafanya nini?"

"Inanusa," nikamwambia. "Ikikuta hewa ya kuungua inasema. Ikikuta upepo mtupu inanyamaza."

Vijana, shikeni hapo, maana hapo ndipo kazi ilipo. Sensa nzima ikiwa ndani ya bomba na injini imepata moto haitulii. Namba zake zinapanda na kushuka, zinapanda na kushuka, kama mtu aliyesikia hodi na hajui nani yuko mlangoni. Ukiona imetulia tuli, usifurahi: imekufa, au imekatika waya, au haijapata joto. Ile ya Mama Koku ilikuwa upeponi. Imenyamaza siku nzima. Na ile kompyuta ndogo ya gari ikisikia kimya inadhani injini ina njaa ya petroli, inaongeza. Kimya bado? Inaongeza tena. Gari lilikuwa linanyweshwa kama mgonjwa asiyeweza kusema nimeshiba.

Magesa akakaa chini palepale mlangoni. Mama Neema akairudisha sufuria ya maji bila neno, lakini usiku ule nilipata mnofu wa sato usio na mwiba.

Sasa nilikuwa na mzigo mwingine. Nani atamwambia Mzee Masanja? Nikamfuata peke yake asubuhi, akiwa anachagua nati kwenye makopo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeamka na jambo."

"Nilikuwa nafikiri, ile sensa ya Mama Koku, labda tungeirudisha kwenye bomba tuone."

Hakuinua macho. "Umekuwa Mjapani?"

"Hapana, mzee. Nilipita mjini nikaona..."

"Mimi nimeshasema neno mbele ya mwenye gari. Au unataka nikaseme Masanja alikuwa analala?" Akaendelea kuchagua nati. "Dereva ni shemeji yako. Damu nzito, najua."

Pale ningeweza kwenda moja kwa moja kwa Mama Koku. Magesa alitaka niende. Alinifuata kila kona ya ua, "Shemeji, nenda. Shemeji, gulio ni kesho. Shemeji, mimi ndiye nitakayelala polisi, si wewe na mzee wako." Alikuwa na haki. Lakini ningemvua nguo mzee aliyenifundisha kushika spana, na tena mama asingejua amwamini nani: mwenye mvi au aliyeoa dada wa mtuhumiwa. Nikazunguka ule ua mpaka kuku wakanizoea. Mwisho nikamwendea Mama Koku na kumwambia neno moja tu.

"Mama, kesho dereva akae kwangu, mke wangu amlinde. Mzee Masanja ndiye aendeshe. Wewe shika ufunguo wa mfuniko wa tenki. Weka kipimo chako kilekile."

Akaniangalia kwa jicho moja. "Na wewe?"

"Na mimi nitakuja."

Mzee alikubali upesi. Alikuwa na uhakika wake. Mimi uhakika wangu ulifikia kwenye mlango wa kivuko ukateremka. Maji yalikuwa yametulia kama uji kwenye bakuli, abiria wanakula karanga, na mimi nimeshika kioo cha gari kwa mikono miwili. Mama Koku alicheka mpaka kilemba kikalegea. "Fundi, bado hatujaondoka!"

Tukafika Kamanga, tukakamata barabara ya vumbi. Mzee aliendesha kwa ustaarabu, gia hazilii, breki hazilii. Mimi nyuma, katikati ya marobota ya vitenge, nilikuwa naangalia mshale wa mafuta juu ya bega lake mpaka shingo ikakakamaa. Mshale ukishuka nasema moyoni "shuka, shuka," kisha naona aibu, maana nilikuwa naombea gari la mteja liishiwe mafuta. Sengerema mama aliuza vitenge. Mimi nilizunguka gari. Mzee alikaa ndani yake, mikono kwenye usukani, hakushuka hata kununua maji. Ufunguo wa tenki mama aliufunga kwenye pindo la khanga, na pindo akalikalia.

Wakati wa kurudi, ziwa likaanza kuonekana chini, kivuko kikipiga honi Kamanga, gari likakohoa. Likakohoa tena. Mzee akalipeleka pembeni taratibu, likazima. Mshale umelala.

Kisha Mama Koku akafungua pindo, akautoa ufunguo, akauangalia pande zote.

"Mzee Masanja," akasema, "leo nani amenyonya? Mimi nimelikalia."

Tukamsimamisha mwendesha baiskeli, tukampa dumu akalete petroli. Mama akaenda kukaa kivulini chini ya mkangazi akijipepea. Mzee akavua shati, akalitandika chini, akalala chali na kuingia chini ya gari. Nikamsikia anapapasa. Nikapiga magoti, nikampitishia koleo bila kuulizwa.

Chini kule aliongea polepole, mama asisikie. "Ilitakiwa kukaa kwenye moto?"

"Kwenye moshi, mzee. Inanusa moshi."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Na mama hukumwambia."

"Wewe ndiye uliyenifundisha nisimwambie."

Nikaona mkono wake unaukata ule waya wa nondo, mkunjo kwa mkunjo, kama mtu anayefungua bandeji ya kidonda chake. Alipotoka alikuwa na sensa kiganjani na vumbi kwenye nyusi. Akaenda mwenyewe mpaka kwenye ule mti. Sikusikia alichosema. Nilimwona Mama Koku akiacha kujipepea.

Ukarabati wenyewe ulikuwa mdogo hadi unatia hasira. Kwenye makopo ya mzee tulipata shingo ya masega mabovu ya gari jingine, yenye tundu na uzi wake mzima. Si nilisema hakutupa kitu? Mchomeleaji akalitoboa bomba, akaipachika. Tukaifunga sensa kwa mkono kwanza, kisha spana, bila kubabaisha. Na hapa mzee wetu alipata bahati yake: kwa sababu alikuwa ameihifadhi nje, mbali na ile petroli ya risasi, sensa ilikuwa ingali na uhai, wakati za magari mengine zilikuwa zimekwisha kufa ndani ya mabomba. Tulipowasha na kupima, namba zikaanza kuhangaika juu na chini. Moshi ukakata harufu. Baadaye sana risasi iliimaliza na hiyo. Nikabadilisha kwa nyingine ya injini ya mtumba, na nyingine tena. Ndivyo ilivyokuwa mpaka petroli ilipobadilika. Gari likizeeka, pua lazima ubadilishe. Msingoje taa ya injini iwaeleze. Anzeni na harufu, angalieni plagi kama ni nyeusi kama mkaa, kisha mpime.

Mama Koku alimrudishia Magesa ufunguo wa gari palepale gereji. Akasema, "Kazi yako ipo, mwanangu." Mama Neema akapiga makofi. Mimi nikaona mambo yamekwisha, nikaanza kurudi ndani kwenye chai.

Magesa hakuupokea.

"Mama, asante," alisema. "Kazi nimepata. Lakini Buzuruga naitwa Mpira. Nikiendesha gari hili nikapita pale, watasema nimekuhonga."

"Basi mimi nitawaambia!"

"Aliyesema si wewe, mama."

Kila mtu akawa anaangalia pembeni. Mzee Masanja alikuwa akinawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga, vidole kimoja kimoja. Alimaliza. Akaenda msumarini, akachukua koti lake la kanisani ambalo alilitundika pale siku za kazi wala sikuwahi kumwona akilivaa gereji. Akalivaa juu ya ovaroli. Akachukua ufunguo kwa Mama Koku, akauweka kwenye kiganja cha Magesa, akafungua mlango wa mbele, akakaa.

"Nipeleke stendi," akasema. Kisha akanigeukia. "Na wewe panda. Tochi iache."

Tukafika Buzuruga jua likiwa kali na stendi imejaa. Madereva walipoliona gari wakaanza palepale, "Mpi-ra! Mpi-ra!" Mmoja akaigiza kunyonya kwa mashavu. Magesa akazima injini, mikono imebaki kwenye usukani, shingo imesimama. Mzee akateremka. Wakamwona koti, wakamwona mvi, wengine wakatoa shikamoo zao kwa kuchelewa.

"Marahaba," akasema Mzee Masanja. "Mnanijua. Mimi ndiye niliyesema huyu anaiba mafuta. Hakuiba. Gari nililiharibu mimi, kwa mikono hii. Alikuwa anaendesha kosa langu, na ninyi mkamcheka yeye."

Yule wa mashavu akayatoa hewa. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyejua pa kuweka mikono. Mzee naye alibaki amesimama katikati yao, koti juu ya ovaroli, kama mtu aliyekuja na hotuba moja na imeisha. Nyuma kule nilitamani ardhi inipeleke nyumbani.

Magesa akafungua mlango wa upande wake, akazunguka gari lote, akamfungulia mzee mlango wa mbele na kuushikilia.

"Panda, mzee," akasema. "Mafuta ya kurudi yapo."